Kinga kabati lako kwa kufunika kingo zake

KABATI la jikoni likianza kuharibika, aghalabu haliharibiki katikati ya mlango pale linapong'ara. Huanzia ukingoni. Kwanza sehemu ya chini, karibu na sakafu inayopigwa deki kila asubuhi, hufura kama mkate uliochovywa kwenye chai. Kisha ganda la juu huinuka, chembechembe za mbao hupukutika, na hatimaye bawaba hung'oka kwa kuwa skrubu hazina tena pa kushika. Mwenye kabati humlaumu fundi, fundi naye huyalaumu maji, na pesa nazo zimekwenda.

Mara nyingi kiini cha hasara hiyo ni ukingo ulioachwa wazi. Jambo la kutia moyo ni kwamba kuufunika si kazi ngumu. Hata mwanafunzi anayejitengenezea rafu ya vitabu chumbani anaweza kuifanya bila mashine yoyote.

Kwa nini ukingo?

Familia nyingi za mijini siku hizi hununua fanicha za bodi. Mbao ngumu kama mvule ni ghali. Nazo mbao za kawaida ziliadimika baada ya serikali kupiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka wa 2018, marufuku ambayo Rais alitangaza kuiondoa mwaka wa 2023. Kwa hivyo, iwe ni Gikomba jijini Nairobi au karakana ya mtaani kwenu, utakuta kabati nyingi zimeundwa kwa chipubodi, MDF au blokibodi.

Chipubodi ni vipande vidogo vya mbao vilivyochanganywa na gundi na kushindiliwa kwa joto. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa vivyo hivyo. Blokibodi nayo ina vipande vya mbao vilivyopangwa katikati ya tabaka nyembamba za juu na chini. Uso wa bodi hizi mara nyingi hufunikwa kwa melamini, ambayo maji hayapenyi kwa urahisi. Lakini msumeno ukishapita, sehemu ya ndani huachwa wazi, nayo hunywa maji kama sponji. Isitoshe, gundi inayotumika sana katika chipubodi ya kawaida hudhoofika inapokaa kwenye unyevu. Ndiyo maana bodi iliyofura hairudi hali yake ya kwanza hata ukiianika juani.

Kuna sababu nyingine inayohusu afya. Gundi hiyo hutoa hewa iitwayo fomaldehaidi, ambayo huwasha macho na koo. Mnamo 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Bodi iliyofunikwa uso kwa melamini hutoa hewa hiyo zaidi kupitia kingo zilizo wazi. Ukizifunika zote, unapunguza kiasi kinachoingia chumbani wanamolala watoto.

Utepe wa kubandika

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi na ya mafundi seremala kuna tepe za namna mbalimbali za kufunikia kingo. Zipo za plastiki, na zipo za vinia, yaani mbao halisi iliyochanwa ikawa nyembamba kama karatasi ngumu. Nyingine zina gundi inayoyeyushwa kwa pasi ya moto. Nyingine zina gundi iliyo tayari, na nyuma yake pana karatasi ya kubandua. Hizi za mwisho ndizo rahisi zaidi kwa mtu asiye fundi, kwani hazihitaji umeme wala moto.

Kabla ya kwenda dukani, pima. Bodi nyingi za kabati zina unene wa milimita 16 au 18. Chukua utepe uliozidi unene huo kidogo, kwa mfano milimita 22 kwa bodi ya 18, ili upate pa kukata. Kisha jumlisha urefu. Chukua rafu ya vitabu yenye mbao 2 za ubavuni za sentimita 180 na mbao 5 za kulala za sentimita 90. Kingo zake za mbele ni mita 3.6 na mita 4.5, jumla mita 8.1. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya vipande vitakavyokatwa. Nunua mita 9.

Jinsi ya kubandika

Gundi ya aina hii hushika kwa kukandamizwa, nayo haishiki juu ya vumbi wala mabonde. Kwa hiyo nusu ya kazi ni kuutayarisha ukingo. Zungushia msasa wa namba 120 kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, usugue mpaka ukingo uwe sawa, kisha umalizie kwa namba 180. Usisugue kwa mkono mtupu, kwani utauviringisha ukingo na utepe utainuka pembeni. Mashimo yazibe kwa filla.

Ukingo wa chipubodi au MDF upake vanishi nyembamba kwanza, uache ukauke kabisa, kisha uupitishie msasa kidogo. Hilo huzuia bodi isipukutike chini ya gundi. Halafu futa vumbi kwa kitambaa kikavu.

Kata utepe uzidi urefu unaotakiwa kwa sentimita 3 hivi. Usibandue karatasi yote kwa mara moja, maana utepe utajikunja na kujishika wenyewe. Bandua sentimita 10 au 15, uweke katikati ya ukingo, ubonyeze kwa vidole, kisha uendelee hivyo mpaka mwisho. Anza na kingo zisizoonekana sana na umalizie na ule wa mbele, ili utepe wa mbele ufunike ncha za wenzake.

Sasa fika kwenye hatua ambayo wengi huiruka. Chukua kipande cha mbao kilichofungwa kitambaa, usugue utepe wote kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni, mara mbili au tatu. Bila hilo, utepe utaonekana umeshika leo na kuanza kubanduka baadaye.

Kata ncha kwanza, kisha pembe ndefu, kwa kisu chenye makali mapya. Tazama mwelekeo wa nyuzi za mbao. Ukiona kisu kinazama ndani ya utepe, geuka ukate kutoka upande wa pili. Maliza kwa msasa wa namba 220, ukisugua kuelekea kwenye bodi na si kuvuta kwenda nje, kwani kuvuta huinua utepe.

Mwisho upake vanishi. Kumbuka kwamba vinia ni mbao. Isipopakwa itanyonya maji na mafuta ya mikono. Paka tabaka nyembamba, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Vanishi yenye thina nyingi ikipakwa nzito hupenya na kulegeza gundi iliyo chini.

Mahali pasipofaa

Utepe huu unafaa rafu za vitabu, kabati za nguo, meza za kusomea na droo. Haufai kando ya jiko, kwani joto hulegeza gundi, wala chini ya sinki ambako maji hudondoka kila mara. Huko mwambie fundi atumie utepe wa plastiki uliobandikwa kwa gundi ya moto, au kipande cha mbao nene kilichogundishwa na kupakwa vanishi vyema. Vilevile, usiubandike juu ya bodi iliyokwisha kufura. Kata sehemu iliyoharibika kwanza, au ubadilishe bodi yenyewe.

Kwa wanaonunua kabati mpya, usiridhike na kutazama upande wa mbele tu. Baadhi ya mafundi hufunika ukingo unaoonekana na kuuacha ule wa chini na wa nyuma, kwa sababu mteja hauoni. Nao ukingo wa chini ndio unaokutana na maji ya deki. Kwa hivyo inama, upitishe kidole chini ya mlango na chini ya ubavu wa kabati. Ukihisi chembechembe, mwambie fundi aufunike kabla hujalipa salio. Kwake ni kazi ya muda mfupi na utepe wa mita chache, ilhali kwako kabati zima likifura ni gharama ya kununua jingine. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.