Masta ya fedha ianzie kwenye gunia la mahindi

Mhasibu anayeishi Malangali, mjini Sumbawanga, akitaka masta ya fedha ya chuo cha umma, mara nyingi hulazimika kufunga safari. Wengi huitazama Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kupitia Tunduma, iliko ndaki ya Chuo Kikuu Mzumbe. Mzumbe ilianza mwaka 1953 ikiwafunza watumishi wa serikali za mitaa, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo (IDM) mwaka 1972 na chuo kikuu mwaka 2001. Wengine huenda Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Dar es Salaam. Ada, nauli na chumba cha kupanga mara nyingi hutoka kwenye mshahara uleule unaolisha familia.

Gharama hiyo inastahili tasnifu yenye manufaa nyumbani. Inaniuma kuona mtu wa Ufipa, eneo la Sumbawanga, akiandika juu ya Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa sababu tu takwimu zake zinapatikana kwa urahisi. Swali zito la fedha liko kwenye mahindi.

Mkulima huvuna kuanzia Mei. Julai ana deni la mbolea na hana pesa, kwa hiyo huuza wakati kila mtu anauza. Tuseme gunia ni shilingi 50,000 Julai na 80,000 Januari. Anayeweza kusubiri amepata faida ya asilimia 60. Lakini akikopa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi ili asiuze mapema, miezi sita inaimeza faida yote, na hapo hatujamhesabu dumuzi, mdudu anayetoboa punje ghalani. Kwa riba hiyo, aliyeuza Julai hakukosea hesabu.

Mkopo wa riba gani, basi, ungemwezesha kusubiri? Sheria ya stakabadhi ghalani ipo tangu 2005: mazao yaliyohifadhiwa yanaweza kuwa dhamana. Lakini kwa mahindi ya mkulima mdogo, nani abebe hatari ya bei kushuka Serikali ikizuia mauzo ya nje? Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ukinunua, malipo yakichelewa yanamgharimu mkulima kiasi gani? Maswali haya yanadai hesabu za masta kweli: thamani ya fedha kwa muda, hatari, gharama ya mtaji.

Takwimu za kuyajibu zimo kwenye madaftari ya vyama vya akiba na mikopo (SACCOS), vyama vya ushirika vya mazao (AMCOS) na vikundi vya akina mama. Mwanafunzi aombe kibali mapema na aanze kukusanya bei sokoni mwezi Mei, msimu unapofunguka.