Manowari za Afrika Kusini: muundo wa zamani, mitambo mipya

Johannesburg ni mji usio na bahari. Bandari ya Durban iko umbali wa zaidi ya kilomita 500. Hata hivyo, mwezi Agosti mwaka 2020, Mahakama ya Kazi mjini humo ilitoa uamuzi uliogusa mustakabali wa manowari za nchi hiyo: iliiamuru Denel, kampuni ya silaha ya serikali, iwalipe wafanyakazi mishahara iliyokuwa haijalipwa kikamilifu.

Ili kuufahamu uhusiano huo, hapana budi kurejea mwaka 1999. Mwaka huo serikali ya Afrika Kusini iliidhinisha ununuzi wa silaha wa karibu randi bilioni 30, mpango ambao baadaye uligubikwa na tuhuma za rushwa. Miongoni mwa zilizonunuliwa ni manowari nne kutoka Ujerumani: Amatola, Isandlwana, Spioenkop na Mendi.

Manowari hizo hazikubuniwa upya kabisa. Zilitokana na familia ya meli ziitwazo MEKO, ambazo meli yake ya kwanza, Aradu, iliingia katika jeshi la majini la Nigeria mwaka 1982. Katika muundo huo, silaha na mitambo hufungwa katika visehemu vinavyoweza kung'olewa na kubadilishwa bila ya kuipasua meli nzima.

Faida yake ni kwamba umbo la meli limekwisha kujaribiwa katika mawimbi, na kasoro zake zinajulikana. Wahandisi hubakiwa na kazi ya kujaribu yale mapya tu.

Kwa Afrika Kusini, mapya hayo hayakuwa machache. Injini mbili za dizeli huzungusha rafadha mbili, na turbini ya gesi huendesha mtambo wa tatu unaosukuma maji nyuma ya meli kwa nguvu inapohitajika kasi kubwa. Meli haina dohani ya kawaida. Moshi wake hutolewa karibu na usawa wa maji, ili kupunguza joto linaloweza kufuatwa na makombora ya adui.

Vya zamani navyo havikutupwa. Mizinga ya milimita 76 iliondolewa katika boti za makombora zilizostaafishwa, ikakarabatiwa, kisha ikafungwa katika manowari hizo.

Meli ziliwasili kati ya mwaka 2003 na 2004, na silaha zikafungwa katika kituo cha Simon's Town. Miongoni mwazo ni kombora la kutungulia ndege liitwalo Umkhonto, yaani mkuki. Kombora hilo hutengenezwa na Denel, mjini Centurion, kaskazini ya Johannesburg. Mwaka 2005 lilifyatuliwa kwa majaribio kutoka Amatola.

Muundo huo ulipata wanunuzi wengine barani Afrika. Algeria ilipokea meli mbili za aina hiyo, zenye kombora hilo hilo la Umkhonto. Misri iliagiza nne, na ya kwanza ilikabidhiwa mwaka 2022.

Umuhimu wa meli hizo ulidhihirika mwaka 2011, pale Mendi ilipopelekwa katika Mlango-Bahari wa Msumbiji kukabiliana na maharamia kutoka Somalia. Doria hizo zilihusu pia usalama wa pwani ya Tanzania.

Lakini chuma hudumu kuliko kompyuta. Rada na mitambo ya kuongozea silaha huchakaa mapema, na vipuri vyake huacha kutengenezwa. Viongozi wa jeshi la majini wameliarifu bunge mara kadhaa kwamba fedha za ukarabati hazitoshi.

Hapo ndipo uamuzi wa Johannesburg unapopata uzito. Kisehemu kilichochakaa kinaweza kung'olewa, lakini ni lazima awepo fundi wa kutengeneza kipya. Fundi asiyelipwa hutafuta kazi kwingine, na huondoka na ujuzi wake.