Maradhi ya Sukari na Mchumaji wa Karafuu

Msimu unapokaribia, huwa twasema juu ya majamvi, makonyo na ukaushaji. Safari hii twapenda kusema juu ya maradhi ya sukari, kwa kuwa yamo katika nyumba nyingi, na wenye maradhi hayo hupanda mikarafuu kama wenziwao.

Wali, muhogo au halua, vyote hugeuka sukari katika damu. Kongosho hutoa insulini, nayo ndiyo ifunguayo mlango sukari iingie mwilini ikawe nguvu. Mlango usipofunguka, sukari hubaki katika damu. Mtu huona kiu, huenda haja ndogo mara kwa mara, hukonda na kuchoka.

Aina ya kwanza huanza zaidi utotoni na ujanani: kinga ya mwili huharibu sehemu za kongosho zitoazo insulini. Huyu hana budi kupigwa sindano kila siku. Kabla ya 1922, mgonjwa wa kwanza alipotiwa insulini huko Toronto, Kanada, watoto kama hawa hawakuishi sana. Aina ya pili ndiyo ya wengi. Insulini ipo, lakini mwili hauitii sawasawa. Huja polepole, khasa kwa watu wazima na wanene. Hutibiwa kwa kupunguza sukari na wanga, kwenda kwa miguu, vidonge, na wengine sindano. Iko pia ya wajawazito, ambayo mara nyingi huondoka baada ya kujifungua.

Sasa tuje mtini. Aliyepigwa insulini, au aliyemeza vidonge kama glibenklamidi, akapanda bila ya kula, sukari yaweza kumshuka mno: hutetemeka, hutoka jasho, kichwa humzunguka, naye yuko juu tawini. Hatari hii twaiogopa kuliko zote. Ale kwanza, atie sukari au tende mfukoni, na mwenziwe aijue hali yake. Akianza kutetemeka ateremke upesi, anywe maji ya sukari, apumzike robo saa, kisha ale. Akizimia asitiwe kitu kinywani. Apelekwe hospitali mara moja.

Na miguu pia. Sukari ikizidi kwa muda mrefu huua hisia za nyayo, mtu akachomwa na mwiba asijue. Avae viatu, na aitazame miguu yake kila jioni.

Wako wasemao maji ya karafuu huponya maradhi haya. Sisi wenye karafuu tungefurahi ingekuwa kweli, na bei ingepanda! Lakini mtu asiache sindano wala vidonge vyake kwa ajili ya maji hayo.