Nakala rudufu si chelezo hadi irejeshwe

Msomaji mmoja wa safu hii, mwalimu wa shule ya upili, ameniuliza: kati ya 'nakala rudufu' na 'chelezo', ni lipi neno sahihi la kile ambacho vijana wetu wa kompyuta wanakiita bakapu? Ningeweza kumjibu kwa sentensi moja kwamba yote mawili yanatumika. Lakini swali lake limenitonesha kidonda, ndiposa nikaamua kulijibu kwa marefu.

Chelezo ni neno la mabaharia. Kitenzi ni 'elea', na kutokana nacho tunapata 'eleza' kwa maana ya kufanya kitu kielee (si 'eleza' ya kufafanua). Chelezo basi ni boya, kitu cha kukuweka juu ya maji. 'Rudufu' inatuambia tu kwamba kitu kimefanywa mara mbili. Haisemi iwapo hicho cha pili kitakufaa siku chombo kikizama.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia mradi wa kukusanya msamiati wa uvuvi na uundaji wa majahazi katika lahaja za Kiamu, Kipate na Kivumba. Tulikaa na wazee Lamu, Pate na Vanga, tukaandika neno, fasili yake, mfano wa matumizi na jina la aliyetupa. Yote tukayaingiza katika hifadhidata kwenye seva moja. Siku moja stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, na seva ikafa. Sikushtuka. "Prof, usiwe na wasi," fundi wetu aliniambia, "bakapu inajifanya yenyewe kila usiku saa nane, na inaenda kwa mashine nyingine."

Ni kweli ilikuwa ikijifanya. Kwenye hiyo mashine nyingine tulikuta mafaili yamejipanga kwa tarehe, moja kwa kila usiku, miezi saba mfululizo. Kila faili lilikuwa na ukubwa wa baiti 0. Nywila ya hifadhidata ilikuwa imebadilishwa, na amri ya usiku haikupewa mpya. Kila usiku ilifungua faili, ikakataliwa mlangoni, ikaenda zake bila kumwambia mtu. Tulichookoa ni nakala aliyokuwa nayo mwanafunzi wangu wa uzamifu katika tarakilishi yake, ya kabla ya safari ya Vanga. Kivumba chote kikaenda. Wawili kati ya wazee waliotupa maneno hayo walikuwa wameshafariki.

Wenzetu wakubwa pia yamewafika. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao, alifuta saraka ya hifadhidata akidhani yuko kwenye seva nyingine. Takribani gigabaiti 300 zilikwenda. Wakakimbilia nakala za kila siku, wakakuta hakuna kitu: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani kuliko hifadhidata yenyewe, kwa hivyo ilikuwa ikishindwa kila siku, na barua pepe za kuripoti kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliichukua saa 6 hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kampuni ilieleza yote hayo hadharani, na naiheshimu kwa hilo.

Sasa, hifadhidata ya kihusiano, ile ambayo msingi wake uliwekwa na Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, haihifadhi habari kama kitabu. Huzigawa katika majedwali yanayotegemeana: maneno huku, fasili kule, watoa habari kwingine. Ukinakili jedwali la maneno saa saba na la fasili saa nane, ilhali watu wanaendelea kuingiza data, utapata fasili zisizo na maneno. Kunakili mafaili ya seva inayoendelea kufanya kazi, bila yenyewe kujulishwa, ni kubaya zaidi. Ndiyo maana kuna zana maalumu. Ile ya PostgreSQL iitwayo pg_dump hushika picha ya wakati mmoja hata watu wakiendelea kuandika. Ila hunakili hifadhidata moja tu. Watumiaji wa seva na nywila zao huachwa nyuma.

Mpango wenyewe huanza na maswali mawili, na hayo ni ya mwenye kazi, si ya fundi. Tuko tayari kupoteza kazi ya muda gani? Na tunaweza kukaa bila mfumo kwa muda gani? Ukijibu 'siku moja' kwa la kwanza, nakala ya kila usiku inatosha. Ukijibu 'dakika tano', itabidi uhifadhi pia daftari la miamala, ambamo seva huandika kila badiliko. Hapo unaweza kuchukua nakala kamili ya mafaili ya Jumapili, ukayarudia mabadiliko hadi Jumatano saa nne asubuhi, dakika moja kabla ya mtu kufuta jedwali.

Kuna watakaokuambia kwamba wana seva ya pili inayoiga ya kwanza papo hapo, kwa hivyo wako salama. Hiyo ni nzuri seva ya kwanza ikiungua. Lakini ukifuta Kivumba kwenye ya kwanza, ya pili nayo itafuta, tena kwa utiifu mkubwa.

Siku hizi tunaweka data yetu mara tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iko nje ya Nairobi. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi mmoja wetu huchukua nakala ya usiku uliotangulia, akaijenga upya kwenye mashine kuukuu iliyo ofisini mwangu, kisha akahesabu maneno, jedwali kwa jedwali. Mwezi jana kazi hiyo ilichukua dakika 50, tukagundua kwamba ruhusa za watumiaji hazikuja. Tumerekebisha amri. Ijumaa ijayo ni zamu yangu.