Mume Nzega, kazi Dar!

Ndoa ya simu isikieni hivi hivi! Mimi nimeishi nayo miaka mitatu. Mume wangu ni mwalimu kwetu Nzega, mimi meneja masoko wa kituo cha televisheni Dar es Salaam. Akipiga, niko kikaoni. Nikipiga mimi, kashalala.

Siku moja akaniambia, kwa upole wake ule ule: "Mama, matangazo ya kituo chenu nayaona kila siku. Wewe sikuoni."

Nikanuna. Usiku sikupata usingizi, na aliyenijia kichwani si mama wala shoga yangu. Ni marehemu Ruge Mutahaba.

Usicheke, msomaji. Sisi tunaouza matangazo, huyu ndiye tuliyekuwa tukimtazama. Alikuwa Mkurugenzi wa Vipindi na Uzalishaji wa Clouds Media Group, aliyoijenga pamoja na Joseph Kusaga: kwanza redio, baadaye televisheni. Wengi wetu tukitafuta mdhamini tunabeba faili hadi kwenye ofisi yenye kiyoyozi, tunauza sekunde 30, basi. Yeye aliwatoa wadhamini barabarani. Fiesta ilizunguka mikoani, na pamoja na muziki zikaja semina za Fursa, vijana wanakaa kuzungumzia biashara na ajira. Mdhamini alikutana na mteja wake uso kwa uso, jasho kwa jasho. Mwaka 2005 akaanzisha THT, nyumba ya vipaji iliyowatoa kina Mwasiti, Barnaba na Linah. Hesabu yake nyepesi tu: lea msanii, msanii alete watazamaji, watazamaji walete mdhamini.

Si wote waliompenda. Kuna wasanii waliolalamika hadharani kwamba nguvu ile ilikuwa kubwa mno, na mimi siwabezi. Lakini alipofariki Afrika Kusini, 26 Februari 2019, baada ya kuugua figo, nyomi iliyojitokeza kumuaga kabla hajazikwa Bukoba ilisema yake.

Sasa mimi je? Mtu anayehubiri "mfuate mteja alipo" mbona nimejifungia Dar, tena mbali na mume?

Nikaandika pendekezo: nifungue mauzo ya kanda ya magharibi, makao Nzega. Bosi akaguna. "Nzega kuna nini?"

Jamani! Nikamwambia Nzega ni njia panda. Mabasi ya Dar kwenda Mwanza yanapita hapo, barabara ya Tabora inachepukia hapo. Mgodi wa Golden Pride uliofunguliwa 1999 umeshafungwa, sawa, lakini mpunga upo, asali ipo, maduka yapo. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani karne ya 19, miezi kwa miezi, kwa miguu. Biashara huku haikusubiri televisheni.

Akanipa miezi sita ya majaribio na kunikata theluthi ya mshahara. Roho iliniuma, nisidanganye. Nilikuwa na mkopo wa gari. Nikasaini.

Nilishuka stendi ya Nzega saa tatu usiku. Mume wangu alikuwa amekaa juu ya pikipiki, kajikunyata na koti lake la shule. Akachukua begi, akaniangalia mara mbili.

"Karibu ofisini," akasema.

Mdhamini wa kwanza nimempata wiki ya tatu: muuza vipuri, rafiki yake. Wanatakiwa wanane kabla miezi haijaisha. Gari nimeliuza.