Umemaliza kupaka rangi? Usikimbilie kufunga madirisha na kuwasha AC

Fundi rangi kamaliza Ijumaa jioni, kodi ya nyumba ya zamani inaisha Jumamosi. Unafanyaje? Wengi tunahamia hivyo hivyo. Usiku wa kwanza macho yanawasha, kichwa kinagonga, mtoto anakohoa, na hakosekani mtu wa kukwambia, "harufu tu hiyo, itaisha."

Itaisha kweli, ila si harufu tu. Rangi ya mafuta, vanishi na gundi huwa na viyeyushi, na fundi huongeza tina ili rangi iwe nyepesi. Rangi inapokauka, vyote hivyo huruka hewani, na ndivyo unavyovuta. Kiasi kikubwa hutoka siku za mwanzo, kisha hupungua taratibu kwa wiki kadhaa. Rangi ya maji ina nafuu kubwa, ingawa nayo si kwamba haitoi kitu.

Kabati jipya ndilo linalosahaulika. Mbao za MDF mara nyingi hushikanishwa kwa gundi yenye fomaldihaidi, gesi inayowasha macho na koo, na huendelea kuitoa kidogo kidogo kwa miezi. Mwaka 2004, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO) waliiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Usitupe kabati. Hatari inategemea kiasi unachovuta na kwa muda gani, na hapo ndipo dirisha linapoingia.

Kosa kubwa mjini, hasa kwenye joto la Dar au Mombasa, ni kufunga nyumba na kuwasha AC. Ile ya kawaida ya ukutani hailetı hewa ya nje. Inachukua hewa ile ile ya chumbani, inaipoza, inakurudishia. Na nyumba mpya nyingi zina madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo hufunguka nusu tu, huku yale matundu ya hewa ya juu yakiwa yamezibwa siku ya kufunga jipsam.

Kinachosaidia ni hewa kupita, iingie huku itokee kule. Fungua madirisha ya pande mbili, pamoja na milango ya kabati na droo. Kama hakuna upepo, weka feni dirishani ikitazama nje isukume hewa chafu, na dirisha la upande wa pili liwe wazi. Fanya hivyo hata mchana wa jua kali, maana joto huharakisha gesi kutoka. Ukifunga nyumba mchana kutwa, jioni utaikuta yote inakusubiri sebuleni. Usiku ndiyo kuna mbu na wezi, kwa hiyo nyavu na nondo zinatakiwa mapema, si baadaye.

Udi na dawa za kupuliza za kunukisha chumba? Hapana, mnaongeza moshi na kemikali juu ya kemikali. Maua ya kwenye chungu nayo yamesifiwa sana tangu utafiti wa NASA wa 1989, lakini ule ulifanyika ndani ya visanduku vilivyofungwa. Kwa sebule ya kweli ungehitaji msitu. Yaweke kwa urembo.

Vumbi la jipsam na msasa lifute kwa kitambaa kibichi, usilifagie likavu likarudi hewani. Na kama nyumba ni ya zamani, usikwangue rangi kavu kavu: yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto. Lowesha kwanza, na watoto wasiwepo.

Usiamini pua yako sana. Inazoea harufu ndani ya dakika chache. Toka nje kidogo, kisha rudi ndio utajua. Mwenye pumu, mjamzito na mtoto mchanga wakalale kwa bibi au shangazi siku hizo za mwanzo. Mtu akianza kubanwa kifua, mtoe nje na mumpeleke hospitali.

Kama kazi bado haijaanza, ongea na fundi: aanze na vyumba vya kulala, na milango ya rangi ya mafuta aipake kwanza kabisa. Hadi anamaliza sebule na jiko, chumba cha watoto kitakuwa kimepata siku kadhaa za kukauka, bila wewe kuongeza hata shilingi.