Malori ya Zamani ya Chakula cha Barafu

 Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: lori, joto, baridi, kuganda, uaminifu. Tutayasikia mara nyingi katika somo letu la leo.

Leo tutazungumza juu ya malori yaliyochukua vyakula vilivyogandishwa katika nchi za Marekani na Uingereza, tangu miaka ya 1930 mpaka miaka ya 1960. Malori hayo yamekwisha toka kazini zamani. Machache yamehifadhiwa na watu wapendao motokaa za kale. Huyapaka rangi upya, huyatia mafuta, kisha huyaonyesha siku za maonyesho, na wazee walioyaendesha huja kuyatazama. Basi, kuna nini cha kukumbuka katika lori? Sikilizeni, mtaona.

Kwanza, tujue shehena yenyewe. Palikuwa na Mmarekani aitwaye Clarence Birdseye, aliyezaliwa katika mwaka 1886. Mwaka 1912 alikwenda Labrador, nchi ya baridi kali ambayo leo ni sehemu ya Kanada. Huko aliwaona wenyeji, Wainuiti, wakivua samaki wakati wa baridi. Samaki alipotolewa majini aliganda mara moja kwa ukali wa upepo. Baada ya majuma mengi samaki yule aliyeyushwa akapikwa, na utamu wake ulikuwa kama wa samaki aliyevuliwa siku ile.

Birdseye alijiuliza: kwa nini? Jibu lilikuwa katika upesi. Chakula kikiganda polepole, maji yaliyomo ndani yake hufanya chembe kubwa za barafu, nazo hupasua nyama. Kikiyeyuka, maji hutoka, na nyama huwa laini isiyo na ladha. Lakini kikigandishwa upesi, chembe za barafu huwa ndogo sana, wala hazidhuru nyama. Birdseye alirudi kwao akatengeneza mashine za kugandisha upesi. Mwaka 1924 alianzisha kampuni ya samaki katika mji wa Gloucester, Massachusetts. Mwaka 1929 kazi hiyo iliuzwa kwa dola milioni 22, na tarehe 6 Machi 1930 vyakula hivyo vilianza kuuzwa madukani katika mji wa Springfield. Katika Uingereza kampuni ya Birds Eye ilianza mwaka 1938. Baadaye ilikuwa na viwanda pwani ya mashariki, katika miji ya Great Yarmouth na Lowestoft, ikigandisha samaki na njegere.

Sasa, ndugu zangu, fikirini. Kiwanda kiko pwani. Mlaji yuko mjini, mbali sana. Chakula kilichogandishwa chapasa kukaa katika baridi ya digrii 18 chini ya sifuri, na maji huganda kwenye sifuri. Kitafikaje? Ndipo lilipohitajika lori la namna ya peke yake.

Hapa yafaa tufahamu jambo moja, nalo ni msingi wa somo lote. Mmepata kumwona mwuza barafu mjini? Kipande chake cha barafu hukifunika kwa gunia na unga wa mbao. Je, gunia lina baridi? Hata kidogo. Mtu akijifunika gunia hilo usiku atapata joto! Basi kwa nini barafu haiyeyuki upesi? Kwa sababu gunia na unga wa mbao huzuia joto la nje lisiingie ndani. Chupa ya chai nayo ni vivyo hivyo: yaweza kutunza chai ya moto, na yaweza kutunza maji ya barafu. Kazi yake ni kuzuia joto lisipite.

Lori la chakula cha barafu lilijengwa kwa kanuni hiyo. Sanduku lake lilikuwa na kuta mbili, ya nje na ya ndani. Katikati yake palishindiliwa kitu kisichopitisha joto, kama vile gome laini la mti ule unaotengenezewa vizibo vya chupa. Miaka ya baadaye gome liliachwa, wakatumia povu lililokauka, jepesi kuliko mbao. Mlango ulikuwa mnene kama ukuta, na kandokando yake palitiwa mpira ili usiache ufa. Nje, sanduku lilipakwa rangi nyeupe au nyingine ya mwanga, kwa kuwa rangi nyeusi hunywa joto la jua.

Lakini ukuta peke yake hautoshi. Joto ni kama mwizi mvumilivu: polepole litaingia tu. Kwa hiyo lazima pawe na kitu ndani cha kulipokea na kuliondoa. Watu walijaribu njia nne.

Njia ya kwanza ilikuwa barafu na chumvi. Barafu ikitiwa chumvi huwa baridi zaidi kuliko barafu tupu. Lakini ni nzito, na maji yake ya chumvi hutiririka na kuozesha vyuma vya lori kwa kutu.

Njia ya pili ilikuwa barafu kavu. Hii si maji. Ni hewa ya kaboni, ile tunayoitoa puani tukipumua, iliyogandishwa ikawa kama jiwe jeupe. Baridi yake ni digrii 78 chini ya sifuri. Haiachi maji, hugeuka kuwa hewa na kwenda zake. Lakini mtu akiishika kwa mkono mtupu huungua kama aliyeshika kaa la moto. Tena hewa yake ikijaa katika chumba kilichofungwa, mtu aliyemo aweza kukosa pumzi na kufa. Kwa hiyo ilitakiwa glavu nene, na mlango kuachwa wazi kidogo kabla ya kuingia.

Njia ya tatu ilikuwa mabamba ya baridi. Yalikuwa masanduku bapa ya chuma yaliyofungwa ukutani ndani ya lori, yenye maji ya chumvi ndani yake. Jioni lori liliporudi bohari, liliunganishwa na waya wa umeme, na mashine iliyagandisha maji yale usiku kucha. Asubuhi waya uliondolewa, lori likaenda safari zake. Mchana kutwa mabamba yaliyeyuka polepole, yakimeza joto lililoingia. Kama vile ng'ombe alishwavyo zizini ili alime kesho yake, ndivyo lori hilo lilivyolishwa baridi usiku. Njia hii ilifaa sana kwa safari fupi za kugawa mizigo madukani.

Njia ya nne ilikuwa mashine juu ya lori lenyewe. Na hapa nataka tusimame kidogo, tumkumbuke mtu mmoja.

Aliitwa Frederick McKinley Jones, Mmarekani mweusi, aliyezaliwa katika mwaka 1893. Alikua yatima, akaacha shule angali mtoto mdogo. Alifanya kazi ya kufagia na kutengeneza motokaa katika gereji. Lakini alipenda kusoma. Elimu yake ya umeme na mashine aliipata kwa vitabu na kwa kufungua vyombo vibovu aone ndani. Wanafunzi wenzangu mliokuja darasani mkiwa watu wazima, mwandikeni mtu huyo katika daftari zenu.

Mwaka 1938, katika jimbo la Minnesota, mwenye malori mmoja alilalamika kwa tajiri wa Jones, Joseph Numero. Lori lilikuwa limechukua kuku, barafu ikaisha njiani, kuku wote wakaoza. Je, haiwezekani kufanya mashine ya baridi ya kuwekwa juu ya lori? Wengi walikuwa wamejaribu, lakini mitikisiko ya barabara ilizivunja mashine zao. Jones alikwenda akalitazama lori, kisha akaifanya. Mashine yake ya kwanza ilikuwa nzito, tena ilifungwa chini ya lori, ikapigwa na matope na vumbi. Akaitengeneza upya, ndogo na imara zaidi, akaiweka mbele, juu ya sanduku. Yeye na Numero walianzisha kampuni iliyoitwa baadaye Thermo King. Wakati wa Vita vya Pili mashine za Jones zilitunza vyakula na damu ya kuwaongezea majeruhi. Jones alifariki mwaka 1961. Mwaka 1991 serikali ya Marekani ilimpa Nishani ya Taifa ya Teknolojia, naye akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata.

Mashine ya namna hiyo hufanyaje kazi? Mkumbuke sindano hospitalini. Mganga akikupaka spiriti mkononi, wasikia baridi. Spiriti ikikauka huchukua joto la ngozi yako na kuondoka nalo. Ndani ya mabomba ya mashine mna dawa ifanyayo hivyo hivyo. Hugeuka mvuke ndani ya sanduku la lori, ikichukua joto. Pampu huivuta na kuisonga, nayo hulitoa joto lile nje, ikarudi kuwa maji. Huzunguka hivyo bila kukoma, ikiendeshwa na injini yake ndogo.

Sasa sikilizeni vizuri. Watu wengi hudhani kwamba lori la namna hii hugandisha chakula. Siyo! Chakula hugandishwa kiwandani. Lori hulinda tu baridi ile liliyokabidhiwa. Ukitia ndani yake samaki wa vuguvugu, lori halitaweza kumgandisha; tena atawapa joto wenzake. Kwa hiyo sanduku lilipozwa kwanza, ndipo mizigo ikapakiwa. Maboksi yalipangwa kwa kuacha nafasi pembeni hewa ipite. Na dereva alifunza mkono wake kuwa mwepesi mlangoni. Hewa ya baridi ni nzito: mlango ukifunguliwa, humwagika chini kama maji, na hewa ya moto huingia juu. Dereva mwenye maduka mengi ya kufikia alifungua mlango huo mara nyingi kila siku. Kila dakika ya mazungumzo na mwenye duka, mlango ukiwa wazi, ililipwa na chakula.

Sasa tufikie neno letu la tano, uaminifu. Tuseme ni saa nane za usiku. Dereva yuko peke yake barabarani na mashine yake imekufa. Anapoitengeneza, kumekwisha pambazuka, na samaki wamelainika. Mashine yaanza tena, samaki waganda tena. Boksi ni lile lile, safi, picha yake yapendeza. Nani atajua?

Ndugu zangu, vijidudu vya kuozesha chakula havifi kwa urahisi. Katika baridi kali vingi hulala tu. Chakula kikiyeyuka na kupata joto, huamka na kuzaana. Kikigandishwa tena, hulala tena, lakini sasa ni vingi zaidi. Mara nyingine dalili huonekana: njegere zilizoyeyuka hushikamana kuwa bonge moja badala ya kutawanyika kama mahindi makavu. Lakini mara nyingi hakuna dalili. Wa kwanza kujua ni dereva, na wa mwisho ni mama aliyempikia mtoto wake.

Dereva akisema kweli, shehena nzima yaweza kutupwa. Akinyamaza, faida yabaki, na mtu asiyemjua aweza kuugua. Ndiyo maana kipimajoto ni chombo kikubwa katika lori kama usukani, na ndiyo maana tajiri mwenye busara hamwadhibu dereva aliyesema kweli. Akimwadhibu leo, kesho atafichwa. Wazee walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Jambo hili halipo Ulaya na Marekani tu. Samaki wa Ziwa Viktoria hutoka Mwanza na Kisumu katika malori yenye barafu au mashine. Dawa za chanjo za watoto wetu nazo huletwa vijijini katika masanduku ya baridi. Chupa nyingi za chanjo zina alama ndogo ambayo hugeuka rangi dawa ikikaa mno katika joto, hata mganga ajue. Samaki hana alama hiyo. Alama yake ni neno la mtu aliyemleta.

Basi tukiona lori kuukuu la barafu limewekwa kwenye maonyesho, rangi yake inang'aa, tusitazame injini tu. Tuukumbuke mlango wake, na mkono uliokuwa mwepesi kuufunga.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Gunia na unga wa mbao huitunzaje barafu?

2. Kwa nini chakula kinachoganda polepole hupoteza utamu wake?

3. Eleza hatari mbili za barafu kavu.

4. Lori la barafu lina kazi gani: kugandisha au kulinda? Toa sababu.

5. Kama ungekuwa dereva yule wa saa nane za usiku, ungefanya nini? Na kama ungekuwa tajiri wake?

Mwalimu wa darasa, jibu la swali la tano liandikwe na kila mwanafunzi kwa mkono wake mwenyewe, hata kama ni mistari miwili tu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.